Hita ya Gesi na Ukuta wa Nje: Moshi Wake Utokee Wapi?

Kila ninapoitwa kufunga hita ya maji ya gesi, iwe Kikwajuni, Bububu au Paje hapa Unguja, hukutana na hoja ileile. "Fundi, hapa petu hewa inapita tu. Bomba la moshi la nini tena?" Msemaji huwa ameshanyoosha kidole dirishani. Nami hulitazama dirisha lenyewe: mara nyingi ni la alumini, kioo cha kusukuma, limefungwa, na juu yake kuna kiyoyozi.

Hoja hiyo ina asili yake. Kwa nyumba za mabibi zetu ilikuwa kweli tupu. Jiko lilikaa uani, au kwenye banda lake peke yake nyuma ya nyumba. Katika majumba ya ghorofa ya Mji Mkongwe mara nyingi lilipandishwa juu kabisa, moshi ukaondoka bila kumpitia mtu. Madirisha yalikuwa ya mbao na nondo, kioo hakuna. Paa la makuti linapitisha moshi kila pembe. Aliyekuwa akipika na aliyelala hawakugawana hewa. Siku hizi tunajenga kwa matofali ya saruji, tunapiga plasta, tunaweka siling bodi, tunafunga alumini, kisha tunalipia umeme ili upepo wa bahari usiingie. Silaumu, kwangu pia kuna kiyoyozi. Lakini nyumba imebadilika na maneno yetu juu yake yamebaki yaleyale. Na ni katika miaka hiyohiyo mtungi wa gesi ulipoingia ndani. Mei 2024 ulizinduliwa mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Jambo jema, mapafu ya mama zetu yamekula moshi wa kuni vya kutosha. Ila mtungi ukishakuwepo jikoni, haichukui muda mtu akauliza kama unaweza pia kumchemshia maji ya kuoga.

Wageni hushangaa: kisiwa cha joto hivi, maji ya moto ya nini? Hawajaoga Alfajiri ya mwezi wa saba, kusi linavuma, maji yametoka kwenye tangi lililolala juu ya paa. Kuna wazee ambao viungo haviwaachi. Kuna mzazi, ambaye kwetu hukandwa na kuogeshwa kwa maji ya moto mpaka arobaini itimie. Kuna watalii, ambao wakikosa maji ya moto hawakwambii wewe, wanaiambia dunia nzima. Na kuna umeme. Waliokuwepo wanakumbuka Disemba 2009, kebo ya chini ya bahari inayotuletea umeme kutoka Bara ilipoharibika na Unguja ikakaa gizani mpaka Machi 2010. Kebo mpya ya megawati 100 ilikuja 2013, na Pemba ilikuwa imeshapata yake kutoka Tanga mwaka 2010, lakini wenye nyumba za wageni walishajifunza kutotegemea waya mmoja. Gesi ikaonekana ndiyo jibu.

Sasa tuseme kinachotokea moto unapowaka, maana hapa ndipo watu wengi hukosea tangu mwanzo. Wanaona mwale wa buluu, hakuna masizi, hakuna harufu, wanaamua kuwa gesi haina moshi. Ina moshi. Kilo moja ya gesi ya mtungi, ambayo ni propani na butani, hutaka kama mita za ujazo 13 za hewa ili iungue sawasawa. Ikishaungua inaacha kiasi cha kilo 3 za hewa ukaa, na maji zaidi ya kilo moja na nusu yaliyo katika umbo la mvuke. Hita ndogo ya lita 6 kwa dakika, ikifunguliwa mpaka mwisho, hula karibu kilo moja ya gesi kwa saa. Chukua choo cha kawaida cha nyumba zetu mpya, mita moja na nusu kwa mbili, kimo mita mbili na nusu: humo mna hewa mita za ujazo saba na nusu. Mtu akioga dakika kumi, mlango na dirisha vimefungwa, moto umeshatumia hewa ya mita za ujazo 2, yaani zaidi ya robo ya oksijeni yote iliyomo. Na huyo ni mtu mmoja. Nyuma yake wako watoto watatu wanaosubiri kwenda chuoni.

Oksijeni ikipungua, moto hauzimiki hapohapo. Unaendelea, ila unaanza kuungua nusunusu, na badala ya hewa ukaa hutoa kaboni monoksaidi. Hii haina rangi, haina harufu, haiwashi macho, haikohozi. Ikiingia mapafuni inanata kwenye chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu huanza kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Akiwa chooni anadhani ni joto la maji au presha. Akili nayo imeshaanza kuchanganyika, kwa hiyo hata wazo la kufungua mlango haliji. Chooni kwetu kuna dua yake ya kuingilia, na mtu akianguka humo fikra za jamaa huenda kwengine kabisa, anaitwa wa kusoma kabla ya kuitwa wa kuzima gesi.

Ikitokea, na Mungu aepushe: fungua milango, funga gesi, mtoe nje kwenye hewa, mpeleke hospitali. Ukifika, sema wazi kwamba alikuwa kwenye chumba chenye hita ya gesi. Usisubiri kuulizwa. Kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu hii. Kinaweza kuonyesha 98 na mgonjwa yuko taabani. Daktari akishajua atampa oksijeni ya barakoa. Mtu akiachwa apumue hewa ya kawaida tu, sumu huchukua saa 4 au 5 kupungua nusu. Akipewa oksijeni tupu ni saa moja au moja na nusu.

Basi, hita zenyewe. Wazungu wamezigawa mafungu matatu kwa herufi, na mgawanyo huo unafaa kuujua kwa sababu huandikwa kwenye kibandiko cha ubavuni. Fungu A halina bomba la moshi. Linachotoa kinabaki chumbani. Fungu B lina bomba la kutoa moshi, lakini hewa ya kuunguzia linaivuta mulemule chumbani. Fungu C limezibwa: linavuta hewa kutoka nje na kutoa moshi nje, na hewa ya chumba hailigusi.

Vile vihita vidogo vya bei nafuu vinavyouzwa na mpira wake na bomba la kuogea ndani ya boksi moja ni fungu A, na kwenye boksi pameandikwa, kwa Kiingereza cha herufi ndogo, kwamba ni vya kutumia nje tu. Vimetengenezwa kwa watu wanaokwenda kambi porini. Mimi sivifungi ndani, hata mwenye nyumba akiniahidi dirisha wazi daima. China, ambako vingi vya aina hii vinatoka, ilipiga marufuku mwishoni mwa miaka ya 1990 hita za kuogea zisizo na bomba la moshi majumbani mwao, baada ya watu wengi kufa. Wenyewe wamevikataa ndani kwao.

Ushauri wangu wa kwanza kwa mtu wa Zanzibar ni tofauti na utakaoupata katika vitabu vya Ulaya. Kule hita huwekwa ndani kwa sababu ya baridi; ikikaa nje maji yataganda na kupasua mabomba. Sisi barafu tunaijua ya kwenye friji. Kwa hiyo itundike nje! Nunua aina iliyotengenezwa kukaa nje, ifunge upande wa nje wa ukuta wa choo, na kinachotoboa ukuta kiwe ni bomba la maji peke yake. Hakuna moshi wa kuusafirisha, hakuna hewa ya chumba ya kuigombania. Usinunue kubwa pia. Maji ya matangi yetu huwa na nyuzi 25 hivi tangu bombani, na mtu huoga kwa 38 au 40. Kupandisha nyuzi 14 kwa lita 6 kila dakika ni kazi ya kilowati 6 tu, na hita ndogo ya dukani ina uwezo zaidi ya huo. Kinachowasumbua wengi ni presha, siyo ukubwa wa hita: tangi likiwa mita tatu juu ya bafu unapata presha ya thuluthi ya baa hivi (baa ndicho kipimo cha presha), na kuna hita ambazo haziwaki kwa presha hiyo. Soma kwenye kibandiko kabla ya kumlaumu fundi.

Ila nje iwe nje. Hapa nimebishana na watu wengi, na ningependa kukaa kidogo.

Bibi mmoja wa Mji Mkongwe alitaka hita iwekwe kwenye ua wa ndani wa nyumba yake, ule uwazi wa katikati uliozungukwa na ghorofa tatu. "Mwanangu, hapa si nje? Nikitazama juu naiona mbingu."

"Naam bibi, mbingu tunaiona. Lakini upepo haushuki mpaka hapa chini, na vyumba vyote vimefungua madirisha humu humu."

Alinyamaza, akatazama juu tena, kisha akaniuliza kama nataka kumuuzia bomba refu. Mwisho tulikubaliana hita ipande juu ya paa, ilipokuwa jiko la zamani, na bomba la maji ya moto lishuke kwa ukutani. Linapoteza joto kidogo njiani, tukalivisha sponji. Ua wa ndani unakusanya moshi kama kisima kinavyokusanya maji, na kila chumba kinachokunywa humo kinakunywa sumu.

Ndugu yake ua wa ndani ni roshani iliyozibwa. Nenda majumba ya Michenzani au ghorofa nyingine yoyote ya mjini, utaona jinsi roshani zinavyofungwa alumini na vioo ili kuongeza chumba. Hita iliyofungwa kihalali kwenye roshani wazi inajikuta ndani ya chumba, bila ya mtu kuigusa hata skrubu. Mwenye nyumba aliyeleta fundi wa alumini hakumwita fundi wa gesi, kwa nini amwite? Kama una mpango huo, hita itoke kwanza.

Sasa tuje kwa wale ambao lazima iwe ndani: nyumba imebanana, nje ni njia ya watu, au chumvi ya bahari inakula kila kitu. Kwa hawa nasema fungu C, lenye feni, lenye bomba ndani ya bomba. La ndani hutoa moshi. Uwazi kati ya la ndani na la nje huingiza hewa. Vipimo vya kawaida ni milimita 60 kwa 100. Uzuri wake mkubwa kwa visiwa vyetu ni upepo. Bomba la moshi la kawaida lililochomozwa ukutani litafanya kazi nusu ya mwaka na kukusaliti nusu ya pili. Likitazama kaskazini, kaskazi ikianza Disemba inapuliza moshi urudi ndani. Likitazama kusini, kusi inafanya hivyohivyo kuanzia Aprili au Mei. Fungu C linavutia hewa na kutolea moshi pahali pamoja, kwa hiyo upepo unaosukuma mdomo wa kutolea unasukuma na wa kuingizia kwa nguvu ileile, mizani inabaki sawa. Fungu B lisilo na feni, kama unalo, bomba lake lipande wima mpaka juu ya paa, upepo wa kila upande ulipite. Kulitoboza ukutani halafu kulikata hapo, hapana.

Kutoboa ukuta wenyewe ni kazi ya heshima. Nyumba za tofali za saruji ni rahisi: tundu la mashine, nafasi kidogo kuzunguka bomba, mkono wa chuma ndani yake, imekwisha. Mji Mkongwe ni habari nyengine. Kuta ni za mawe ya tumbawe, chokaa na udongo, nene sentimita 50 na zaidi, na bomba linalokuja na hita mara nyingi ni fupi kuliko ukuta wenyewe. Pima kabla hujanunua, na vipande vya kuongezea viwe vya mtengenezaji huyohuyo. Usipige nyundo kubwa, mawe hayo hayakusukwa kwa saruji, ukilitikisa moja jirani zake wanaitika. Angalia boriti. Vichwa vya boriti za mkoko vimelala ndani ya ukuta chini ya sakafu ya juu, na bomba la moshi halifai kupita karibu na mbao kavu ya miaka mia. Na kabla ya yote hayo, kibali: Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na uso wa nyumba hauguswi bila mamlaka ya uhifadhi kukubali. Mara nyingi wanataka bomba litokee upande wa nyuma. Nao wana haki, mlango wa nakshi wenye bomba la bati pembeni ni aibu.

Ukishapitisha, bomba lilale kidogo kuelekea nje, sentimita mbili tatu kwa kila mita, ili mvua ya masika na matone ya mvuke yadondoke nje badala ya kurudi kwenye hita. (Kuna hita za kisasa zinazokamua joto hadi mvuke ugeuke maji, hizo hulazwa kinyume, kuelekea ndani. Kitabu chake kitasema, kifuate.) Uwazi uliobaki uzibwe pande zote mbili, ndani na nje. Mafundi wengi hukimbilia povu la kopo. Povu hilo linaungua, na halipaswi kugusa bomba la moshi. Kwenye ukuta wa tumbawe tumia chokaa, usitumie saruji. Saruji inafungia unyevu ndani ya ukuta, na unyevu ndio unaozila nyumba hizi polepole. Bomba likivuja katikati ya ukuta, mvuke wote nilioutaja, kilo na nusu kwa kila kilo ya gesi, unaishia kwenye chokaa. Ukiona ukuta unatoa jasho na rangi inabanduka duara kuzunguka bomba, hiyo si mvua.

Mdomo wa bomba uishie wapi? Vitabu vingi vya hita zenye feni hutaka angalau sentimita 30 kutoka dirisha au tundu lolote linalofunguka. Mimi nikipata mita moja naichukua. Lakini vitabu hivyo havikuandikwa kwa vichochoro vya Shangani, ambapo dirisha la jirani liko karibu kuliko lako. Moshi wako usiingie kwa mwenzako. Nenda ukabishe hodi, uone dirisha lake linafunguka vipi, umuulize nani analala chumba kile. Ukuta wa mbele yake uwe umbali wa sentimita 60 au zaidi, vinginevyo moshi unagonga na kurudi kwenye uwazi wa kuingizia hewa, na hita inaanza kupumua moshi wake. Na baraza! Ukuta wa nje wa Mzanzibari ni sebule. Wazee wanakaa hapo kuanzia Alasiri, bao linachezwa, kahawa inapita. Mdomo wa bomba juu ya vichwa vyao haukubaliki, na chini ya mita mbili kutoka ardhini watoto wataugusa na kuungua.

Kuhusu makuti sina maneno mengi. Vibanda vya Jambiani na Nungwi vinapendeza, lakini bomba linalotoa hewa ya moto chini ya upenu wa makuti makavu sifungi kwa bei yoyote. Wekeni jua, paneli za maji ya moto zinafanya kazi nzuri sana kwetu. Au hita ikae kwenye ukuta wake mbali na paa, maji yasafiri.

Fungu C lina dosari moja ambayo wauzaji hawaisemi: feni inataka umeme. Siyo mwingi, taa chache za nyumbani, lakini ukikatika hita haiwaki, na mtu aliyenunua gesi ili akimbie mgao anahisi ametapeliwa. Inverta ndogo inatosha. Kinachonitia hofu ni dawa ya mkato. Nyumba moja ya wageni pwani ya mashariki niliitwa kubadilisha bomba la maji, nikakuta swichi ya presha ya hewa, ile inayozuia moto usiwake kama feni haivuti, imeunganishwa waya moja kwa moja, na kiwashio na vali ya gesi vimepewa betri. Mwenyewe alifurahi nayo. "Tokea alipokuja yule fundi, inawaka hata umeme ukikatika." Naam, inawaka, na moshi unakosa wa kuusukuma. Nilizima gesi kwanza ndipo nikamweleza. Alikasirika kidogo, kwa kuwa wageni walikuwa njiani, akachemsha maji jikoni siku ile.

Kama hita yako ni fungu B na unataka kujua inavuta au haivuti, hakuna haja ya mashine. Tunao udi. Funga milango na madirisha yote, washa feni ya choo na ya jikoni kama zipo, maana feni hizo huvuta hewa ya nyumba na kuweza kuurudisha moshi kwenye bomba. Fungua maji ya moto, acha hita iwake dakika kumi hivi. Kisha chukua udi wa kijiti na upitishe taratibu kwenye ukingo wa kofia iliyo juu ya hita, pale bomba linapoanzia. Moshi wa udi ukivutwa ndani, dohani inafanya kazi. Ukisita, au ukisukumwa kukujia usoni, zima, fungua madirisha, na usiiwashe tena mpaka fundi afike. Ni muhimu kabla ya jaribio hili uhakikishe hapanuki gesi, maana unashika moto mkononi.

Rangi ya mwale nayo inasema, lakini kwa watu wa pwani inahitaji kusomwa kwa akili. Vimulimuli vya rangi ya chungwa vinavyokuja na kupotea mara nyingi ni chumvi ya bahari na vumbi vinavyoungua. Mwale mzima wa manjano, mrefu, mlegevu, wenye kuacha weusi kwenye bati, ni njaa ya hewa au mdomo wa gesi uliochafuka. Huo haungoji.

Pia usichanganye mambo mawili. Gesi iliyoungua ni ya moto, inapanda. Gesi mbichi inayovuja ni nzito kuliko hewa, propani mara moja na nusu, butani mara mbili, inashuka na kutambaa sakafuni. Dohani haitakuokoa na mpira uliopasuka. Mtungi ukae nje, wima, mbali na mtaro na shimo la maji machafu, kwa sababu gesi itamiminika humo ikasubiri cheche. Gesi mbichi imetiwa harufu makusudi ili uijue. Kaboni monoksaidi haikutiwa kitu.

Chumvi ya bahari itakuwa adui wako wa kudumu. Bomba la bati la mabati linaoza kuanzia kwenye maungio, mahali usipopaona. Chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316 kinavumilia pwani kuliko 304, na tofauti ya bei inajilipa. Baada ya masika panda ngazi utazame mdomo wa bomba. Nyigu hujenga humo, na kwenye vibanda visivyo na mgeni kwa miezi ndege hufanya nyumba. Wavu wa mtengenezaji unasaidia. Wavu wa mbu usiutie, unaziba kwa vumbi na chumvi.

Mwisho, kengele ya kaboni monoksaidi. Zenye alama ya EN 50291, kiwango cha Ulaya cha kengele hizi, hulia chini ya dakika tatu sumu hiyo ikifika sehemu 300 kwa kila sehemu milioni za hewa, na kati ya dakika 10 na 40 ikifika 100. Itundike kwenye ukumbi au chumba cha kulala kilicho karibu na hita, na siyo ndani ya choo chenyewe, mvuke unaiharibu. Bonyeza kitufe cha kujaribia kila mwezi. Kihisi chake kina umri, kwa kawaida kati ya miaka mitano na kumi, na mwaka wa kuisha huandikwa mgongoni. Baadhi zinazofika madukani zimeshakaa ghalani muda mrefu, kwa hiyo igeuze uisome tarehe kabla hujalipa.